Atelie haianzi siku ya atelie

(Haya ni maneno ambayo mama mmoja wa komite yetu aliyasema hapa Kashuga, mbele ya wanamemba waliochaguliwa kuongoza atelie za vijiji. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema, juu ya wale ambao hawakuweza kufika na juu ya wafadhili wetu.)

 

Komite imeniomba niseme juu ya namna ya kutayarisha atelie na kuiongoza. Niliitika haraka, halafu usiku nikajiuliza: mimi nitawaambia nini? Sikuisomea kazi hii. Niliijua kwa kuiharibu. Basi nitaanza na ile niliyoiharibu, maana ninyi mtatumwa vijijini hivi karibuni, na sipendi mharibu pale pale nilipoharibu mimi.

Mnajua namna wengi wetu tulivyorudi. Mwezi wa pili mwaka 2025, kambi za pembeni ya Goma zilibomolewa: Bulengo, Lushagala, Rusayo na zingine. Watu walikunja shitingi yao, wakafunga masufuria, wakatafuta njia ya kurudi. Mimi nilifika hapa na watoto, bido moja na jembe la kuazima. Nyumba haikuwako tena. Shamba lilikuwako, lakini lilikuwa limepandwa maharagi ya mtu mwingine. Na sikuwa peke yangu. Kila siku mtu alikuja kwetu na maneno yale yale: nimerudi, nimekuta mtu ndani ya shamba.

Ushirika wetu ukasema, tufanye atelie juu ya mashamba. Nikapewa kuiongoza, kwa sababu ninajua kusoma na sauti yangu ni kubwa. Hizo ndizo sababu mbili, sikuficha. Kutayarisha kwangu kulichukua jioni moja. Niliandika barua kwa shefu, nikapeleka habari kanisani, nikanunua kaye na biki. Basi.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko. Sikuwaza hata kidogo. Wamama wengi waliokuwa na kesi za shamba walikuwa sokoni, wanauza mihogo ili watoto wale jioni. Wale waliokuja, wengi walikuja na jetoni zao za zamani za kambi mfukoni. Mama mzee mmoja akaniuliza kwa upole: "Mama, leo munatugawia nini?" Sikumpa jibu. Nikasimama mbele, nikaanza kuwasomea habari ya sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Nilisoma karibu saa nzima. Watu walikuwa wanaangalia mvua inavyokuja.

Halafu baba mmoja akasimama. Alikuwa na kesi na mjane aliyekaa safu ya nyuma. Akasema: "Weye ulikimbia. Miye nilibakia. Nani njo alilinda ile shamba?" Mjane akamjibu: "Nilikimbia na watoto. Ungenibakishia wewe watoto wangu?" Sikujua la kufanya. Niliwaambia "tulieni, tulieni," kama mtu anayefukuza kuku. Watu walisimama, kila mmoja na upande wake, na atelie ikavunjika. Hata sala ya mwisho hatukuomba.

Siku chache baadaye, usiku, mtu aling'oa maharagi katika shamba lile. Yalikuwa yameanza kutoa maua. Hakuna aliyejua ni nani, na sitaki kumtia mtu yeyote kidole. Lakini mimi ninajua kwamba ugomvi ule ulipata nguvu katika mkutano wangu. Niliwakusanya watu wenye kidonda, nikakifungua mbele ya wote, halafu nikawaacha waende hivyo nyumbani. Ndiyo maana ninawaambia: atelie ni kitu kizuri, lakini inaweza kuumiza. Mwenye kuiongoza amebeba watu.

Sasa nisema yale niliyojifunza, moja baada ya lingine.

La kwanza: ujue atelie yako inatafuta nini, na uandike kwa sentensi moja. Mimi niliandika "atelie juu ya mashamba". Hilo ni jina tu, kama kusema safari bila kusema unakwenda wapi. Baadaye tuliandika hivi: "Watu watoke hapa wakiwa wamekubaliana nani atavuna kilichopandwa, na shamba litarudi lini kwa mwenyewe." Ukiwa na sentensi kama hiyo, utajua nani wa kuita, na utajua usiku ule kama umefaulu au hapana. Ukishindwa kuiandika, hapana kuita watu.

Pamoja na hilo, ujue pia mambo ambayo atelie haiwezi. Atelie si tribunali. Sheria ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, na kwamba mashamba ya vijijini yanayokaliwa kwa desturi yatapangiwa kanuni na Rais wa Jamhuri. Kanuni hiyo ilikaa miaka mingi bila kutoka. Kwa hiyo mkulima wa hapa anaishi kati ya karatasi ambayo hana na neno la shefu. Wewe mwongozaji huwezi kukata kesi hiyo, na usijifanye kuikata. Unaweza kusaidia majirani wawili wapatane juu ya msimu mmoja. Hiyo si kidogo. Msimu mmoja ni chakula cha nyumba nzima.

La pili: nani atakuja. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na sisi tuliorudi tunajua uchungu wa neno hilo. Hapa Kashuga kuna watu wa namna tatu. Kuna waliobaki. Kuna sisi tulioenda tukarudi. Na kuna wale waliokuja kwetu kutoka kwingine, wengine kutoka upande wa Walikale, ambao mpaka sasa hawawezi kurudi kwao. Mimi nilizoea kusema "sisi waliorudi", kwa sababu ushirika ni wetu. Lakini atelie ya waliorudi peke yao juu ya mashamba ni kama ndoa ya mtu mmoja. Yule aliyebaki ana maneno yake. Alibaki kwa hofu, alilala porini, alilipa vitu ambavyo sisi hatukulipa. Na yule mgeni ambaye hana shamba anajiuliza atalima wapi tukichukua yetu. Wote watatu wawe ndani, tangu siku ya kupanga.

Kuita watu si kusoma tangazo kanisani. Tulipofanya mara ya pili, tulitembea nyumba kwa nyumba kwa wiki mbili. Tulianza kwa shefu, maana huwezi kukusanya watu kwake bila yeye kujua. Lakini hatukuishia kwa shefu. Tulikaa na kila upande wa kesi, peke yake, tukauliza: nini kinakuumiza? Unataka nini? Unaogopa nini ukisema mbele ya watu? Tulipofika siku yenyewe, maneno makali yalikuwa yameshasemwa nyumbani, na hayakuja kama mabomu katikati ya mkutano.

La tatu: siku, mahali na vitu. Hapa nitakwenda haraka, mtaandika.

Angalieni kalenda ya jembe. Mwezi wa tisa watu wako wanapanda msimu A, mwezi wa pili na wa tatu wako wanapanda msimu B. Hapana kumuondoa mtu shambani wiki ya kupanda ili aje kusikia habari ya kulima. Angalieni siku ya soko, siku ya salongo, na siku za ibada za kila kanisa, si lenu tu. Anzeni asubuhi baada ya wamama kuchota maji, na mmalize mapema ili anayeishi mbali afike kwake kabla ya giza. Hilo la giza sina haja ya kulieleza.

Mahali pawe pa wote. Kiwanja cha mtu mwenye kesi hapafai, hata kama kina kivuli kizuri. Shule inafaa, lakini mkae kwa duara, si kwa mabao ya wanafunzi, maana mtu mzima akikaa kwenye bao la mtoto ananyamaza kama mtoto.

Majina. Wafadhili wanapenda orodha yenye jina, namba ya simu na sahihi, na ninaelewa, wanatoa hesabu kwa watu wao. Lakini hapa kwetu mtu aliona orodha ikipita mkononi mwa watu wabaya. Kwa hiyo elezeni mapema: orodha ni ya nini, itakaa wapi, nani ataisoma. Anayekataa kuandika jina aruhusiwe kukaa, ahesabiwe tu. Na picha vile vile. Kuuliza kwanza, kupiga baadaye.

Feza. Hapa ndipo wengi mnaanguka. Semeni ukweli tangu siku ya mwaliko: hakuna kugawa, hakuna jetoni, kutakuwa na chakula cha mchana, na wanaotoka mbali watarudishiwa tike ya moto. Mkisema kabla, atakayekuja anakuja juu ya maneno. Msiposema, atakaa siku nzima akingoja mwisho, na mwisho atawaita wezi. Na hesabu isishikwe na mtu mmoja. Ninyi wa AVEC mnajua: sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Fanyeni hivyo hata kwa feza ya maharagi na chumvi.

Na wamama wenye watoto wachanga? Tafuteni msichana mmoja au wawili wa kushika watoto pembeni, muwape kitu kidogo. Mara ya kwanza sikufanya hivyo, na wamama watatu walitoka kabla ya neno la kwanza.

La nne: namna ya kuongoza siku yenyewe. Mimi niliwaza mwongozaji ni mwalimu. Kumbe si hivyo. Niwape mfano wa majirani. Mwaka 1973, Tanzania ilifanya kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 waliingia katika vikundi vidogo vijijini, na vikundi vile viliongozwa na watu wapatao 75,000 waliopewa mafunzo mafupi. Wengi wao hawakuwa waganga. Kazi yao haikuwa kuhutubu. Kikundi kilisikiliza redio, kikasoma kitabu kidogo, halafu kiongozi akauliza: na hapa kwetu je, iko namna gani? Tufanye nini? Watu walitoka wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Kazi ya kiongozi ilikuwa swali. Mtu wa kawaida anaweza, akitayarishwa.

Basi uwezo wa kwanza ni kuuliza. Swali la "mnakubali?" halifai, wote watasema ndiyo ili waende nyumbani. Uliza: "Ilikuwaje?" "Ulifanya nini?" "Mwingine aliona namna gani?" Uwezo wa pili ni kunyamaza baada ya kuuliza. Hesabu kumi moyoni. Hesabu tena. Mtu mwenye haya anahitaji hiyo kumi ya pili. Uwezo wa tatu ni kurudisha maneno: "Baba, nimesikia ukisema hivi, ni hivyo?" Mtu akisikia maneno yake yametoka vizuri kinywani mwa mwingine, anapoa.

Na lugha. Kiswahili kinatuunganisha, lakini mtu analia kwa lugha ya mama. Yule bibi anayesema Kihunde tu, au Kinyarwanda tu, au Kinyanga tu, awekewe mtu wa kumtafsiria, na mtafsiri asiwe ndugu wa upande mmoja. Tafsiri inakula muda. Mkipanga mambo sita kwa siku, pangeni matatu.

Msianze na kesi. Kule Kenya, kuanzia mwaka 1974, wanawake wawili, Anne Hope na Sally Timmel, walifundisha viongozi wa vijiji namna ya kuanza: onyesha tatizo kwa picha au mchezo mfupi, lisiwe tatizo la mtu fulani, halafu acha watu waseme wanaona nini. Sisi tulifanya hivyo. Vijana wawili walicheza watu wanaogombea jembe moja. Mmoja alikuwa amelisahau njiani, mwingine akaliokota, akalitia mpini mpya. Jembe ni la nani? Watu walicheka mpaka machozi. Halafu mzee mmoja akasema: "Mpini ni wa huyu, chuma ni cha yule." Hapo hapo mambo yalifunguka. Walikuwa wanasema juu ya mashamba yao bila mtu kutaja shamba.

Hasira ikija, na itakuja, usiikimbie na usiipigie kelele. Muwe waongozaji wawili siku zote, mmoja anaongoza, mwingine anaangalia nyuso. Yule wa pili anakwenda kukaa karibu na mwenye hasira, anatoka naye nje kidogo kama inafaa. Anayelia apewe maji na muda, asilazimishwe kueleza. Na kanuni za mkutano watu wazitoe wenyewe asubuhi: mmoja kwa wakati, hapana kutaja kabila la mtu kama tusi, yanayosemwa humu hayaendi kuwa mchezo sokoni. Kanuni waliyoitoa wenyewe watailinda wenyewe.

La tano ni gumu kwangu kulisema. Mimi sikustahili kuongoza atelie ile ya kwanza. Nilikuwa na kesi yangu ndani. Watu walijua shamba langu lilikuwa na maharagi ya nani. Kila neno nililosoma la sheria, yule baba na jamaa yake walisikia mimi najitetea. Sikudanganya, lakini ilionekana hivyo, na walikuwa na haki. Mara ya pili niliiambia komite: mwingine aongoze, mimi nitakaa kwenye duara kama wengine. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuongoza. Kwa hiyo kabla ya kukubali, jiulizeni: mimi nina nini ndani ya jambo hili? Ukiwa na kitu, mpe mwenzako.

La sita: kesho yake. Kabla watu hawajaondoka, someni kwa sauti yale waliyokubaliana: nani, atafanya nini, tarehe gani, nani ni shahidi. Mwandike kwenye kaye, nakala moja kwa kila upande, nyingine kwa shefu. Halafu mrudi. Wiki mbili, tena mwezi mmoja. Mkutano usiorudiwa ni mvua ya jiwe: linang'aa, linakauka.

Mtauliza, hiyo ya pili ilitoa nini? Haikuponyesha yote. Kuna nyumba moja ambayo haikukubali, na watu wake wameondoka tena. Ninawawaza. Lakini wengi walipatana hivi: aliyepanda avune mwezi wa sita, na mwezi wa tisa shamba lirudi kwa mwenyewe, na yule asiye na mahali pengine akodishiwe sehemu kwa msimu, kwa bei ambayo mashahidi wanaijua. Mjane yule alilima shamba lake msimu A. Mimi pia. Aliyekuwa shambani kwangu alipovuna aliniletea ndoo moja ya maharagi, akasema: "Mama, hii ya mbegu." Hatukukumbatiana. Tunasalimiana, na watoto wetu wanachota maji pamoja.

Kwa wafadhili watakaosoma haya, nina ombi moja kwa heshima. Mnapotusaidia, mnalipia siku ya atelie: chakula, kaye, tike. Asanteni sana. Lakini kazi kubwa ni zile wiki mbili za kutembea kabla, na zile ziara za baadaye. Hazina picha nzuri, hazina orodha ndefu. Mkitupa nusu ya atelie lakini na miguu ya kuzitayarisha, tutawarudishia raporo yenye mambo machache na ya kweli.

Na ninyi mnaotumwa, hapana kuogopa. Hamna haja ya kujua kila kitu. Jueni sentensi yenu, wajueni watu wenu, jijueni wenyewe. Mkiharibu, rudini mtuambie, tusahihishe pamoja, kama mlivyonivumilia mimi. Chukueni kaye zenu, tukae sasa kwa vikundi, kila kijiji kiandike sentensi yake moja. Chakula kitakuja baada ya sentensi.